Ugawaji wa Mwangaza katika Picha

Picha njema husifiwa kwa kufanana na mwenyewe, lakini mfanano huo hauji wenyewe. Baina ya uso wa mtu na karatasi itakayotundikwa ukutani hupita maamuzi mengi, na miongoni mwake hapana linalodharauliwa zaidi kuliko hili la kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha, na kuzidisha au kupunguza utofautishaji wake, yaani umbali uliopo kati ya weupe wake na weusi wake. Zamani kazi hii ilifanywa katika chumba cha giza, kwa dawa na karatasi; sasa hufanywa kwa kompyuta au kwa simu, na mtoto wa miaka kumi aweza kuitimiza kwa kidole kimoja. Wepesi huo umewafanya watu wengi waidhanie kuwa kazi isiyo na lawama, mfano wa kufuta vumbi juu ya kioo. Walakini vumbi likifutwa kioo hakipungui, na picha yamkini hupungua.

Yupo mpiga picha mmoja katika mji wa Tanga, kijana aliyejifunza kazi kwa kutazama na kwa kukosea, ambaye siku moja aliitwa kupiga picha za arusi. Bibi arusi alikuwa mweusi wa kupendeza, na gauni lake lilikuwa jeupe, limetariziwa maua kwa uzi mweupe kuanzia mabegani hata miguuni. Picha iliyotakiwa kuliko zote ilipigwa nje, baada ya adhuhuri, jua likiwa bado kali na ukuta wa nyuma umepakwa chokaa. Usiku kijana alipoifungua picha hiyo katika kompyuta yake, aliona gauni zuri ajabu, kila ua la tarizi likihesabika; lakini uso wa aliyelivaa ulikuwa gizani, macho tu na meno yakionekana sawasawa. Akafanya kama wafanyavyo wengi: akakishika kidude cha kuongeza mwangaza, akakivuta kuelekea kulia mpaka uso ukang'aa. Kisha, kwa kuwa picha ilionekana imepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, akavuta na kidude cha pili, cha utofautishaji. Akaipiga chapa, akaipeleka.

Mama wa bibi arusi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole:

"Mwanangu, kazi yako nzuri. Lakini huyu si binti yangu. Binti yangu ana weusi wa marehemu baba yake, na hilo ndilo tulilobakiwa nalo. Huyu umemtoa wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, akarudi na picha yake. Swali lile lilikuwa na haki ya kujibiwa, na jibu lake limo katika namna kamera inavyotazama na katika namna kompyuta inavyohesabu.

Kamera haijui arusi wala haimjui mtu. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa weupe wao na weusi wao, hutoa kijivu cha kati. Dhana hii si mbaya mahali ambapo majani, ardhi, anga na watu wamechanganyika. Lakini gauni jeupe mbele ya ukuta wa chokaa huidanganya kamera. Huona nuru imezidi, ikaipunguza, na katika kuipunguza ikalifanya gauni kuwa sawa na uso kuwa kiza. Mpiga picha hodari hulijua jambo hili mapema, akaiamuru kamera kupokea mwanga zaidi, au akamsogeza bibi arusi kivulini. Kijana wa Tanga hakufanya hayo, akaiachia kompyuta deni ambalo kamera ilikuwa na uwezo wa kulilipa.

Kwa kompyuta picha ni hesabu tupu. Imegawanywa katika nukta ndogo mno, mamilioni yake, na kila nukta imepewa namba ya kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu. Ili kurahisisha maelezo, rangi na ziachwe kando, itazamwe nuru peke yake. Katika faili za kawaida zinazoitwa JPEG, namba huanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, na hukoma 255, ambayo ni weupe mtupu. Zipo basi ngazi 256, na katika ngazi hizo hapana budi zienee nuru zote za picha, tangu kivuli cha chini ya kidevu mpaka kimeta cha pete.

Katika picha ya arusi ile, na ichukuliwe kuwa sehemu tatu za uso zilikuwa na namba 35, 45 na 55, na sehemu tatu za gauni zilikuwa na 210, 225 na 240. Katika hesabu ya zamani iliyo nyepesi kuliko zote, kuongeza mwangaza ni kujumlisha: kila namba, kubwa na ndogo, huongezwa kiasi kimoja. Ikiongezwa 40, uso utapata 75, 85 na 95. Uso umetoka gizani, lakini tofauti kati ya shavu na pua ni kumi zile zile. Ndiyo sababu huonekana umepauka, kama kwamba umefunikwa kwa ukungu. Gauni nalo litapata 250, 265 na 280. Namba mbili za mwisho hazimo katika ngazi, nazo hukatwa zikawa 255 zote mbili. Ua na kitambaa vimekuwa kitu kimoja. Mtu akijuta, akaihifadhi picha hiyo na baadaye akapunguza 40 ili airudishe ilivyokuwa, hatazipata 225 na 240. Atapata 215 na 215. Kompyuta haikumbuki kwamba hapo palikuwa na ua.

Kuzidisha utofautishaji ni hesabu nyingine. Huchukuliwa namba ya katikati, 128, na kila nukta husukumwa mbali nayo: iliyo juu yake hupandishwa na iliyo chini yake hushushwa. Umbali ukizidishwa mara moja na nusu katika picha ile ya kwanza, 225 na 240 zitapanda zikakatwa tena zikawa 255, na 210 itafika 251. Gauni limekuwa bango jeupe. Upande wa chini, 35 itashuka hadi 0, 45 itabaki na 3 au 4, na 55 itabaki na 18 au 19. Kwa mkono mmoja mpiga picha amefuta tarizi, na kwa mkono huo huo amefuta shavu. Hii ndiyo ajabu ya kidude hiki: picha huonekana ina nguvu zaidi, hali yaliyomo ndani yake yamepungua. Jicho hupenda ncha kali za nyeupe na nyeusi, likasahau kuuliza vilikwenda wapi vya katikati.

Programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas Knoll na John Knoll, ikaanza kuuzwa mwaka 1990, kwa miaka mingi ilifanya hesabu hizi hivi hivi bila huruma. Mwaka 2007, katika toleo lililoitwa CS3, kanuni ilibadilishwa ili ncha zisikatwe ovyo, ijapokuwa ile ya kale iliachwa humo kwa ajili ya wanaoitaka. Mabadiliko hayo yalikuwa ya heri. Lakini hata kanuni iliyo laini haikuongeza ngazi hata moja katika zile 256. Iliwafundisha watu kuzigawa kwa adabu zaidi.

Na neno hili la kugawa ndilo linalostahili kushikwa. Mafundi walioendelea hawatumii vidude viwili vile, hutumia mstari unaopindwa. Mstari huo, ukiwa umenyooka kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu, huiacha picha ilivyo. Ukiinuliwa upande wa vivuli, vivuli hupata nuru. Na pale unapopanda kwa ukali, namba zilizokuwa zimebanana hutawanyika, na tofauti zilizokuwa hazionekani huonekana. Lakini mstari huo hauna ruhusa ya kutoka nje ya mraba wake. Ukipanda kwa ukali mahali pamoja, hapana budi ulale mahali pengine, na pale unapolala, tofauti hubanwa. Ni kama urithi wa nyumba moja: mali imekwisha kuhesabiwa, na fungu likizidishwa kwa warithi hawa litapungua kwa wale. Anayetaka uso wa bibi arusi uwe na shavu, pua na kidevu kila kimoja mahali pake, lazima akubali kulinyima gauni kidogo, au ukuta, au anga. Hapana kitelezi cha kumpa kila mmoja zaidi bila ya kumpunguzia yeyote.

Mpiga picha mwenye busara hutafuta mali zaidi kabla ya mgawanyo. Kamera nyingi za leo zaweza kuhifadhi faili ghafi, ambayo haijapikwa kuwa JPEG. Faili ya namna hiyo yenye biti 14 ina ngazi 16,384 kwa kila nukta, na mtu aweza kudhani kuwa huo ni utajiri usiokwisha. Lakini utajiri huo nao umegawanywa kwa upendeleo tangu kamera. Kwa kuwa kipokea mwanga huhesabu nuru kama ilivyo, nusu nzima ya ngazi hizo, 8,192, hutumiwa na sehemu iliyo angavu kuliko zote, sehemu yenye nusu ya nuru hiyo hupata 4,096, inayofuata 2,048, kisha 1,024, na sehemu ya tano kutoka juu hupata 512 tu. Uso ulioachwa gizani unaishi huko chini. Ukiinuliwa kwa nguvu hautoki peke yake, hutoka pamoja na chembechembe zinazofanana na mchanga, ambazo si ngozi ya mtu bali ni upungufu wa mwanga uliopokewa. Mwenye uso mweusi akipigwa picha kwa kipimo kilichochukuliwa kwa gauni jeupe, amedhulumiwa kabla kompyuta haijawashwa, na fundi wa kompyuta hawezi kumrudishia yote.

Hata jicho la fundi si la kuaminiwa peke yake. Mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1839 jinsi rangi mbili zikikaa bega kwa bega zinavyobadilishana sura. Kijivu kimoja huonekana cheusi kikiwekwa juu ya nyeupe, na cheupe kikiwekwa juu ya nyeusi. Uso uliozungukwa na shela nyeupe huonekana mweusi kuliko ulivyo, na fundi, kwa kudanganyika, huuongezea nuru usiyoihitaji. Akiwa amekaa katika chumba chenye giza na kioo cha kompyuta kinawaka kama taa ya gari, atadhani picha ina mwangaza wa kutosha, na asubuhi karatasi itamwaibisha. Ndiyo maana programu humpa grafu ndogo iitwayo histogramu, inayoonyesha ni nukta ngapi zimo katika kila ngazi. Mlima wa grafu ukibanwa ukutani upande wa kulia, weupe umekatwa; ukibanwa upande wa kushoto, weusi umekatwa. Grafu hiyo haijui uzuri, lakini haidanganywi na shela.

Isidhaniwe kuwa ugawaji huu ulizaliwa na kompyuta. Mwamarekani Ansel Adams, pamoja na mwenziwe Fred Archer, alitunga yapata mwaka 1940 utaratibu wa kuigawa nuru ya picha katika kanda kumi na moja, kutoka weusi usio na kitu hadi weupe usio na kitu, ili mpiga picha aamue kabla ya kufyatua kila sehemu itaangukia wapi. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga katika jimbo la New Mexico mwaka 1941, aliichapa mara nyingi katika maisha yake, na miaka ilivyopita anga lake lilizidi kuwa jeusi, mpaka mawingu mepesi yaliyoonekana katika nakala za awali yakamezwa. Filamu ni ile ile, na mikono ni ile ile. Adams hakuficha jambo hilo. Aliifananisha filamu na muziki ulioandikwa, na karatasi na muziki unaopigwa. Ni fananisho zuri kwa milima na mwezi. Kwa uso wa mtu latakiwa liangaliwe kwa hadhari, maana mlima haulalamiki ukipigwa vibaya.

Nyuso za watu zina historia yake. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi za kusawazishia rangi, na juu ya kadi hizo alikuwamo mwanamke mweupe. Kadi zikaitwa Shirley, jina la mmoja wa waliopigwa mwanzo. Ngozi yake ilipotoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Lorna Roth, mtaalamu wa Canada aliyeichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2009, alionyesha kuwa wazazi wa Marekani walilalamika kuhusu picha za shule ambamo watoto weupe walionekana vizuri, na watoto weusi walioketi ubavuni mwao walionekana macho na meno. Na kwamba malalamiko yaliyosikika mapema zaidi kiwandani yalikuwa ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao hawakuweza kuonyesha tofauti ya mbao zao na ladha zao. Mbao na chokoleti zilitetewa kabla ya watoto. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Na mwaka 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu yake ya Pixel 6, ilitangaza kama sifa mpya kwamba kamera yake imefundishwa kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini tarehe yake yafaa isomwe mara mbili.

Upo pia ubaya unaofanywa kwa kusudi. Juni 1994 mchezaji mashuhuri wa Marekani, O. J. Simpson, alikamatwa kwa tuhuma za mauaji, na picha aliyopigwa na polisi ikatolewa kwa magazeti. Majarida mawili makubwa, Newsweek na Time, yaliitumia picha hiyo hiyo katika majalada yao ya wiki moja. Newsweek liliiacha ilivyokuwa. Time lilimpa msanii aishughulikie, naye akaitia giza. Uso ukawa mweusi zaidi, na pembe za jalada zikazama kivulini. Majalada yalipotundikwa pamoja mabarabarani, wapita njia waliona kwa macho yao jambo ambalo laiti lingekuwa peke yake lisingeonekana. Makelele yakawa makubwa, na mhariri wa jarida akalazimika kujieleza. Mtu huyo alikuwa bado hajasimama mbele ya baraza la hukumu. Lilipomhukumu, Oktoba 1995, lilimwachilia. Hapana nukta iliyoongezwa katika jalada lile ambayo haikuwamo katika uso wake, wala hapana kovu lililochorwa. Hasa zilishushwa namba. Fundisho la hatia lilipita katika ngazi zile zile zinazotumiwa kila siku kutengeneza picha za likizo.

Mashindano ya World Press Photo, yanayoendeshwa kutoka Uholanzi, yamelazimika kuliwekea jambo hili mpaka. Kurekebisha mwangaza kunaruhusiwa. Kutia giza mpaka kitu kilichokuwamo kitoweke hakuruhusiwi. Mwaka 2015 takriban picha moja kwa kila tano zilizofika karibu na mwisho wa mashindano ziliondolewa, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni hilo la kuzamisha sehemu za picha katika weusi. Mpaka huo ni mzuri kwa sababu unauliza swali lililo rahisi: je, kilichokuwapo bado kipo? Lakini mpaka huo huchunga vitu kuliko sura. Bibi arusi wa Tanga hakutoweka katika picha ya kwanza. Alikuwapo, ila amegeuzwa mtu mwingine, na wa kuligundua hilo alikuwa mama aliyemzaa.

Hapa lazima isemwe desturi iliyoenea katika studio nyingi na katika simu zenye vyombo vya urembo, ya kumng'arisha kila mtu bila ya kumwuliza. Wengine hushukuru, wengine hulipia. Haiwezekani kuwalaumu wote, kwa maana mtu ana ruhusa ya kutaka picha impendezayo. Lakini anayeng'arishwa bila kuombwa shauri ameambiwa jambo juu ya ngozi yake, na ameambiwa kwa namna ambayo hawezi kuijibu. Kijana wa Tanga hakukusudia kusema neno hilo. Kidude kililisema kwa niaba yake.

Alipokaa tena mbele ya kompyuta, alianza kwa bahati njema: faili ghafi alikuwa nayo. Aliacha vidude viwili, akaomba mstari. Aliuinua mahali pa vivuli kidogo kidogo, akiitazama histogramu pamoja na uso. Akaacha weusi ubaki weusi, akitafuta si nuru nyingi bali tofauti ya shavu na pua, na ule mng'ao mdogo wa juu ya kipaji unaoifanya ngozi nyeusi iwe hai. Chembechembe zilipoanza kutokea, akarudi nyuma hatua moja. Kazi iliyokuwa ya dakika mbili ikawa ya usiku kucha. Asubuhi akapiga chapa, akaiangalia karatasi nje, katika mwanga wa siku, kisha akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja naye?"

Aliitazama picha, safari hii hakukawia. Akaigusa paji la uso kwa ncha ya kidole, akacheka, akamwita bibi arusi mwenyewe atoke ndani aje aone alivyofanana na baba yake. Binti akaja, akaitazama, naye akacheka. Kisha akainama karibu zaidi, akapitisha kidole juu ya bega la gauni.

"Kaka," akasema, "hapa palikuwa na maua. Yalishonwa na shangazi miezi mitatu. Mbona hayaonekani tena?"

Kijana akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Maua ya kiunoni yalikuwapo. Ya begani, palipopigwa na jua, yalikuwa yamefifia sana, mawili matatu tu yakitambulikana kwa anayejua kuwa yapo. Akaiuliza nafsi yake ni kiasi gani kiwezacho kutolewa katika ukuta ule wa chokaa, ambao hapana mtu aliyekuwa akiudai, akatia picha katika bahasha, akaomba siku mbili nyingine.